Kizibo Kimoja cha Waya

Disketi ya kumi na moja ilikataa kusomeka kwa mara ya nne. Telesphor akaitoa kwenye mashine, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati na kuirudisha. Kompyuta ikaguna, ikafikiri, ikakubali. Zilibaki disketi mbili. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, Februari mwaka 1998, na mvua iliyoanza Novemba bado ilikuwa inapiga mabati ya ofisi ya vibali bila dalili ya kuchoka. Aliyechoka alikuwa Telesphor.

Alitoka Tabora kwa kazi ya siku nne, na hii ilikuwa siku ya kumi na tisa. Shirika moja lililokuwa likifunga virago liliwaachia watu wa makazi kompyuta tatu kuukuu, zilizomaliza nguvu zao katika ofisi ya bima huko Ulaya, zikageuka njano kama meno ya mvuta kiko. Makazi yenyewe yalikuwa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Mpanda mjini. Waliokaa humo walikuwa Warundi waliovuka mpaka kama wakimbizi mwaka sabini na mbili, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa hapohapo. Walilima tumbaku na mahindi, walijenga makanisa, walioana na kuzikana. Kitu walichokosa ni ruhusa ya kutoka. Kwenda popote nje ya kizuizi cha barabarani, hata msibani, mtu alihitaji kibali, na tangu mwezi ule vibali vya kuandikwa kwa mkono vilifutwa. Vitabu vyake vilikusanywa vikachomwa moto nyuma ya choo, ili asije mtu akarudia mazoea. Sasa kibali kilitakiwa kitoke kwenye kompyuta, la sivyo kisitoke kabisa.

Mpango wenyewe ulielezeka kwa dakika moja. Mashine ya kwanza, kwenye chumba cha Goreth mpiga chapa, ingetunza majina ya watu wote wa makazi. Ya pili ilikuwa ya barua. Ya tatu, kwenye chumba cha Bwana Bartolomeo, ofisa vibali, ingetoa kibali baada ya kuiuliza ya kwanza kama jina la mwombaji lipo. Waya mmoja mweusi uliziunganisha zote tatu. Waya wa namna hiyo hufungwa kizibo kila mwisho, kidude cha chuma kisichozidi ncha ya kidole, na kazi ya kizibo ni kumeza. Ujumbe ukishapita mashine zote ukafika mwisho, kizibo huumeza na habari yake ikaishia hapo. Pasipo kizibo, ujumbe hugonga mwisho ukarudi, ukagongana na unaokuja nyuma yake, na mashine zote zikawa viziwi. Waya ulihitaji vizibo viwili. Kwenye boksi lililotoka Ulaya kulikuwa na kimoja.

Telesphor alilijua hilo tangu siku ya pili. Siku zilizofuata alizitumia kutengeneza kila kitu ambacho hakikuwa kibovu, kwa kuwa dawa ya kile kibovu hakuwa nayo, na fundi aliyekaa tu mikono mitupu watu humwona mvivu. Alifungua mashine akahamisha kadi zake. Kadi mbili zilikuwa zinagombania namba moja, akazipatanisha. Aliingiza mfumo upya tangu disketi ya kwanza, mara tatu, kila mashine. Alikwenda hadi Majengo, Mpanda mjini, kwa Masalu, fundi redio, ambaye alimchomea kizibo kwa kipande cha redio iliyokufa. Kizibo cha kweli hupimwa omu hamsini za ukinzani wa umeme, si zaidi si pungufu. Cha Masalu kilikuwa hamsini asubuhi. Mchana jua lilipochungulia kikapanda hadi themanini, na mashine zikanyamaza. Cha dukani kingetoka Dar es Salaam kwa treni, lakini mvua ilikuwa imezoa tuta la reli na treni haikujulikana itakuja lini.

Ndiyo maana mwisho mmoja wa waya ulikuwa unaning'inia wazi. Waya ulikuwa mrefu kuliko ofisi, na mtunza stoo, Bwana Stanslaus, alikataza usikatwe, kwani leja yake ilisema mita thelathini na mbili, na mita thelathini na mbili ndizo angezikabidhi siku ya kufa kwake. Kipande kilichozidi kikapitishwa dirishani, kikadondokea kibarazani, kwenye benchi la wanaosubiri vibali.

Mwisho wa benchi hilo alikaa Séverine, ambaye watu walimwita Mama Aline. Alikuwa na miaka hamsini na minane na miguu iliyovimba wakati wa mvua. Binti yake Aline aliolewa na Wiliam, Mpimbwe mkulima wa mpunga wa Usevya, upande wa pili wa hifadhi ya wanyama. Séverine aliomba kibali cha kwenda harusini. Hakuna aliyemkatalia, fomu zilikuwa zimeisha. Aline alipojifungua mtoto wa kwanza aliomba tena, na safari hiyo fomu zilikuwepo ila ofisa alikuwa amehamishwa na mhuri akaondoka nao. Mtoto wa pili hakuishi, na siku ya kumzika bibi yake alikuwa hapo kwenye benchi, ofisa mpya akitafuta wino. Miaka minne mama huyu alipigwa danadana namna hiyo, na kila mtu alimwambia kwa adabu: mama, subiri. Mdogo wake Venant alishindwa kusubiri akapita porini. Alikamatwa Sitalike akapelekwa kambi nyingine, na tangu hapo barua yake haikuonekana. Sasa Aline alikuwa na mimba ya tatu, ya kuzaliwa kabla ya Pasaka. Binti akijifungua, mama yake ndiye humkanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Wale wawili wa mwanzo waliogeshwa na jirani. Séverine alitaka kumwogesha huyu wa tatu, na duniani hakuwa na ombi lingine.

Jumanne hiyo Telesphor alimaliza disketi ya kumi na tatu, akawasha mashine zote, akaegemea ukuta kungoja zisionane kama kawaida. Zikaonana. Majina ya mashine tatu yalijitokeza kwenye kioo cha Goreth, moja chini ya jingine. Telesphor hakufurahi, maana alishawahi kudanganywa. Baada ya dakika kumi yakatoweka, kisha yakarudi. Akaushika waya, akaufuata ukutani, akaufuata dirishani, akatoka nje na kuukuta mwisho wake mkononi mwa Séverine. Alikuwa ameukunja vizuri mapajani, ncha ameishika kwa kidole gumba na cha shahada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamba yenu ilikuwa inalowa. Niliiacha kidogo tu nikinywa maji."

"Hebu iachie tena."

Akaiachia. Goreth akasema kutoka ndani kwamba zimepotea.

"Ishike."

Akaishika. Goreth akasema zimerudi.

Telesphor alileta mita ya kupimia omu, akamgusisha ncha moja kidole cha kulia na nyingine cha kushoto. Mshale ulisimama kwenye hamsini na haukutikisika hata mvua ilipozidi. Kwa kutenda haki akawapima na wengine. Mlinzi alikuwa mia tisa. Goreth mia sita. Telesphor mwenyewe alikuwa mia mbili na kumi, wiki iliyofuata mia na arobaini, jambo lililomsikitisha kidogo. Kwa Bwana Bartolomeo mshale haukunyanyuka kabisa. Kwake hakuna kilichokuwa kinaingia.

Alimweleza Goreth kwa lugha ya ufundi. Huyu mama ameambiwa maneno miaka minne na hajarudisha hata moja, alisema, kwa hiyo ujumbe ukimfikia hauna sababu ya kurudi. Goreth alisema hata yeye aliona hivyo, akaendelea kuchapa.

Séverine alikubali kushika waya, kwani kukaa alikuwa akikaa tu. Alifika saa mbili akaondoka saa tisa, na saa nne ofisi ilimpa chai na andazi. Majina yalimpita vidoleni kama punje za mahindi zinazopukuchuliwa, na mengi aliyafahamu. "Arcade wa kijiji cha sita amepita mara mbili," alisema dirishani, na Goreth akiangalia anakuta kweli, kamwandika mara mbili. Siku moja alisema kwamba yule aliyepita sasa hivi walimzika mwaka wa njaa. Goreth akamfuta. Siku jina lake mwenyewe lilipochapwa, alilihisi likipita mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, likamfikia likakaa.

Wiki ya kwanza watu sitini na mmoja walivuka kizuizi. Walikwenda Kabungu kuuza maharage, walikwenda hospitali mjini, walikwenda kwenye misiba iliyokwisha poa. Wakipita kibarazani walimwambia Séverine asante, na wengine walimwachia ndizi.

Wiki ya pili ikafika zamu yake. Aliingia kwa Bwana Bartolomeo akivuta waya, ncha mkononi. Bwana Bartolomeo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kwa wanaosubiri tofauti yake ni ndogo. Akabonyeza. Printa ikaanza kulia, kichwa chake kikaenda na kurudi, karatasi ikapanda, na herufi za mwanzo za jina la Séverine zikaonekana. Séverine aliziona. Moyo wake uliinuka, na Telesphor aliyekuwa pembeni na mita aliona mshale ukienda nao: mia, mia mbili, mia nne. Printa ikasimama katikati ya jina. Mashine ya kwanza haionekani, kompyuta ikasema.

Walijaribu tena. Walimwambia afumbe macho, lakini masikio yalisikia printa. Walimwambia afikirie jambo lingine, akafikiria tumbaku yake inayooza kwa mvua, akashuka hadi mia na ishirini, na mia na ishirini haikutosha. Akitoka nje akikaa kwenye benchi, anarudi hamsini. Akiingia kufuata kibali, anapanda.

"Tatizo lako, mama, unatarajia," alisema Telesphor.

"Nitaachaje, mwanangu, na karatasi naiona?"

Bwana Bartolomeo alimwonea huruma. Alisema kwamba kwa mkono angemwandikia hata sasa hivi, ila vitabu vilichomwa, na kwamba kizibo cha kweli kikifika wa kwanza kuhudumiwa atakuwa yeye. Asubiri kidogo.

Machi mkaguzi alikuja kutoka Dar es Salaam kuhakiki mali iliyoachwa na shirika. Bwana Stanslaus alikuwa mtu aliyeweka namba kwenye kila kitu. Meza ilikuwa na namba, jembe la bustani lina namba, kikombe cha chai cha Séverine kina namba. Usiku wa kuamkia ukaguzi hakulala vizuri kwa sababu mchoro wa Telesphor ulionyesha vizibo viwili na leja ilikuwa na kimoja. Asubuhi akachukua kopo la rangi nyeupe akaenda kwenye benchi. Kwenye ngozi rangi isingekaa, kwa hiyo aliomba kandambili, na Séverine akanyoosha mguu wa kushoto. MKZ 214. Katika leja akaandika: kizibo cha waya, kimoja, hali nzuri. Mkaguzi alisoma mstari, akatazama kandambili, akaweka alama ya vema, akauliza choo kiko wapi.

Reli ilipofunguliwa Telesphor alikwenda kwenye redio ya upepo kuulizia kizibo chake. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Ombi lilikataliwa, kwa kuwa taarifa ya mkaguzi ilionyesha makazi yana vizibo viwili na vyote vinafanya kazi. Aliondoa vifaa vya kusikilizia masikioni, akakaa pale pale kwenye kiti cha mtu wa redio mpaka mwenyewe alipokitaka.

Siku hiyohiyo dereva wa lori la mpunga alileta barua ya Wiliam. Miguu ya Aline imevimba, iliandikwa, hali chakula vizuri, analia usiku, anamwita mama yake. Mkunga anasema ni wiki hii au ijayo. Séverine aliisoma mara moja, akampa Telesphor aisome na yeye, akaushika tena waya. Hakulia. Ndani Goreth alikuwa katikati ya kijiji cha kumi na moja na mashine zilikuwa zinaonana vizuri kuliko siku zote. Telesphor aliona aibu iliyomkaa kifuani kama ugali mbichi. Mambo yote aliyoyatengeneza pale yalikuwa yamesimama juu ya mtu mmoja kutotoka.

Akaingia stoo. Ukutani, juu ya kichwa cha Bwana Stanslaus, kulikuwa na kanuni za stoo ambazo Telesphor alikuwa akizisoma kila siku pasipo kuzisoma. Ya saba ilisema kwamba kifaa kibovu kinaweza kutolewa nje ya makazi kwa matengenezo, kwa hati iliyosainiwa na fundi na mtunza stoo, kwa muda usiozidi siku kumi na nne. Haikutaja kibali. Haikutaja kompyuta.

"Naomba hati ya matengenezo," alisema.

"Ya kifaa gani?"

"Mia mbili na kumi na nne."

Bwana Stanslaus akafungua leja, akaweka kidole kwenye mstari. "Hiki hali nzuri. Kina ubovu gani?"

"Kikiona karatasi kinapanda."

"Na kinatengenezewa wapi?"

"Usevya."

"Usevya kuna fundi?"

"Yupo. Anazaliwa wiki hii."

Bwana Stanslaus alitazama dirishani, kwenye benchi, kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Yeye pia alikuwa na mabinti. Kisha akachukua kalamu. "Kisiporudi, fundi, utakilipa wewe," alisema. "Na sijui kama unajua bei yake." Akasaini, akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke.

Telesphor alipompelekea Séverine hati, alimsomea yote, ili asije akaona amedanganywa. Séverine alisikiliza mpaka kwenye sahihi.

"Kwa hiyo siendi mimi," alisema. "Kinakwenda kifaa."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Aline akiniona atajua ni nani. Hao wengine waandike wanavyotaka." Akaikunja hati, akaitia kwenye kitenge. "Nitarudi, mwanangu. Sitakuachia kesi."

Kwenye kizuizi dereva wa lori alitaka kumpandisha mbele. Mlinzi akasoma hati, akalinganisha namba na kandambili, akasema kifaa hukaa nyuma. Séverine akapanda nyuma, juu ya magunia matupu, na mti wa kizuizi ukainuliwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiuona upande mmoja tu.

Siku kumi na nne mashine hazikuonana. Watu arobaini na wawili walijaa kibarazani, wakaambiwa kizibo kiko matengenezoni, wakakubali kama walivyokubali wino na mhuri. Mzee Aristide, aliyekuwa na jino la kung'olewa mjini, alilalamika kidogo na shavu lake limevimba. Telesphor alishindwa kumtazama. Alishika waya mwenyewe tangu asubuhi mpaka jioni, akapima mia na kumi, na mara moja, alasiri ya siku ya tisa, mashine mbili zilionana kwa muda wa kunywa chai kisha zikaachana.

Siku ya kumi na nne, saa nane mchana, lori lilisimama. Séverine alishuka nyuma, nguo zimejaa vumbi la mpunga, mikono inanukia sabuni. Bwana Stanslaus alimzunguka mara moja, akasoma namba, akaandika kimerudi.

"Wa kike," Séverine alimwambia Telesphor kabla hajaulizwa. "Alinisubiri. Nimefika jioni, amezaliwa alfajiri. Nimemwogesha siku kumi na mbili, fundi. Ana nywele mpaka huku." Akagusa paji la uso wake mwenyewe, akacheka, na Telesphor akajua kwamba hajawahi kumsikia akicheka. Akampima. Mshale ulikwenda mia tano ukawa unatetemeka hapo. Alifurahi kuuona. Aliwaza kwamba mtandao umekufa sasa moja kwa moja, na kwamba yeye atarudi Tabora kama mtu aliyeshindwa kazi, na wazo hilo halikumuuma.

Séverine akaenda kwenye dirisha la Bwana Bartolomeo. Mtoto angebatizwa baada ya Pasaka, alisema, na alitamani awepo. Aliuliza kama kibali chake kimekuwa tayari.

Bwana Bartolomeo alimpa pole ya safari na hongera ya mjukuu. Alipekua karatasi zake, akazipekua tena kwa moyo mmoja, akainua macho.

"Bado, mama," alisema. "Subiri kidogo."

Séverine akashukuru. Akaenda mwisho wa benchi, watu wakasogea kumpa nafasi, akakaa, akanyoosha miguu. Waya ulikuwa sakafuni. Akauokota kwa sababu ulikuwa unachafuka. Telesphor alikuwa bado ameshika mita, na aliona mshale ukishuka taratibu, mia tatu, mia moja, sabini, mpaka hamsini, ukatulia. Ndani Bwana Bartolomeo akamwita Mzee Aristide aingie.